Kabla Hujauliza Kama ni Mvulana au Msichana

Mwongozo wa picha ya ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa wazazi wa Kanduyi, Bungoma na Kitale

Mjini Bungoma siku hizi hukosi pa kupigwa picha ya mimba, yaani altrasaundi, na Kitale ni vivyo hivyo. Kinachotutatiza ni siku ya kwenda na swali la kwenda nalo. Akina mama wengi huingia chumba cha picha mimba ikiwa ya miezi saba au minane, na maswali yao ni matatu: mtoto amelalaje, nitajifungua lini, na ni mvulana au msichana? Hayo hujibiwa. Lakini swali la kama ubongo na uti wa mgongo vimeumbika sawasawa lina majira yake, nayo ni wiki ya 18 hadi ya 22, mimba ikiwa katika mwezi wa tano. Kabla ya hapo sehemu nyingi za ubongo hazijajitokeza vya kutosha. Ukichelewa sana, fuvu limekuwa gumu na sauti ya mashine haipenyi vizuri, kichwa kimeshuka kwenye nyonga, na muda wa kujipanga umekwisha.

Haya ndiyo ya kufanya, hatua kwa hatua.

1. Jua kinachotafutwa

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama bamba jembamba la seli. Bamba hilo hujikunja, kingo zake zikakutana, likawa mrija. Kazi hiyo hukamilika kufikia siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Wakati huo mama amepitisha siku zake kwa wiki mbili tu, na wengi hudhani zimechelewa.

Mrija usipofunga upande wa juu, fuvu halitokei na sehemu kubwa ya ubongo huharibika. Hiyo ni anensefali, na mtoto mwenye hali hiyo huishi saa au siku chache tu, kama atazaliwa hai. Usipofunga upande wa chini, ndio mgongo wazi. Pakibaki tundu kwenye fuvu, utando wa ubongo au ubongo wenyewe huchomoza ukawa kifuko, mara nyingi kisogoni; hiyo huitwa ensefalosili.

Ziko kasoro nyingine ambazo hazitokani na mrija huo. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne ambamo maji hutengenezwa na kuzunguka kila siku. Njia ikiziba, vyumba hufura, na hicho ndicho kichwa maji. Ubongo unaweza kushindwa kugawanyika upande wa kulia na wa kushoto. Utepe mnene wa neva unaounganisha pande hizo mbili, korpasi kalosamu, unaweza kukosekana. Serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, inaweza kuwa na kasoro. Na kichwa chenyewe kinaweza kubaki kidogo mno, kama ilivyoonekana Brazil mwaka 2015 virusi vya Zika vilipoenea.

Mara nyingi hakuna sababu moja inayoweza kunyooshewa kidole. Zinazojulikana ni upungufu wa vitamini ya foliki mimba inapoanza, kisukari kisichodhibitiwa, pombe, baadhi ya dawa za kifafa hasa valproeti, maambukizi kama kaswende, rubela na toksoplasma, na mambo ya kurithi. Katika orodha hiyo hamna laana wala mkosi wa mke. Vinasaba vya mtoto nusu yake hutoka kwa baba, kwa hiyo kumrudisha mama kwao hakumtibu mtu.

Kuhusu dawa, shika mambo mawili. Ukiwa na kifafa na unatumia valproeti, usiiache ghafla, kwa kuwa degedege linaweza kukuua wewe na mtoto. Mwone daktari akubadilishie, na ikiwezekana kabla hujashika mimba. Ukiwa unatumia ARV, endelea nazo. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana uliibua hofu kwamba dolutegravia huharibu mrija wa neva. Takwimu zaidi zilipopatikana hofu ilififia, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, likaipendekeza iwe dawa ya kwanza kwa watu wote, wajawazito wakiwemo.

2. Pata tarehe sahihi kwanza

Kila kipimo cha kichwa hulinganishwa na umri wa mimba. Umri ukikosewa kwa wiki tatu, kichwa cha kawaida kitaitwa kidogo, na familia itakosa usingizi bure. Au kinyume chake: kichwa kinachofura kitaonekana sawa kwa sababu mimba imedhaniwa ni kubwa kuliko ilivyo.

Kwa hiyo andika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwenye simu au kwenye kalenda ya ukutani. Kama huikumbuki, au ulikuwa kwenye sindano ya kupanga uzazi na hedhi haikuwa imerudi, unahitaji picha ya mapema, kabla ya wiki ya 14. Hapo mtaalamu hupima urefu wa mtoto kutoka utosini hadi makalioni, na hicho ndicho kipimo kinachokosea kidogo kuliko vyote. Kadiri mimba inavyokua ndivyo kukadiria umri kunavyozidi kuwa kubahatisha. Tarehe iliyowekwa na picha ya mapema ishikwe hiyohiyo hadi mwisho. Usikubali ibadilishwe kila unapopigwa picha nyingine.

Picha hiyo ya mapema ina faida ya pili. Kufikia wiki ya 12 mfupa wa fuvu huwa umeanza kuonekana, na mtaalamu makini anaweza kugundua mapema kwamba haupo. Anensefali ndiyo kasoro ambayo daktari Stuart Campbell aliitambua kwa altrasaundi huko Uingereza na kuitangaza mwaka 1972, na hadi leo ni miongoni mwa zilizo rahisi kuonekana.

Tangu mwaka 2016 WHO inashauri mama aonane na wahudumu wa kliniki angalau mara nane na apigwe picha moja kabla ya wiki ya 24. Sisi bado tuko nyuma. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mjamzito huenda kliniki walau mara moja, lakini wanaofika mara nne au zaidi ni kama thuluthi mbili tu. Anayeanza kliniki mwezi wa sita amekwisha kupitwa na majira ya picha hii.

3. Chagua mahali, na uulize kabla ya kulipa

Zahanati nyingi hazina mashine. Anzia hapo hata hivyo, upimwe damu na kupewa kijitabu cha mama na mtoto, kisha uombe barua ya kwenda kupigwa picha. Kwa wa Kanduyi, hospitali ya umma iliyo karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Bungoma, na Webuye nako kuna hospitali ya kaunti. Kwa wa Kitale, kuna Hospitali ya Rufaa ya Wamalwa Kijana. Juu ya hizo zote, upande wa magharibi, iko Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ambako kitengo cha Riley kinahudumia akina mama na watoto wachanga.

Vituo vya binafsi ni vingi na bei zinatofautiana, basi piga simu kabla ya kupanda boda. Uliza hivi:

- Je, mnafanya picha ya kukagua maumbile ya mtoto, au mnapima ukuaji tu?
- Anayepiga ni sonografa aliyesomea kazi hiyo? Kuna daktari wa radiolojia wa kusoma picha zenye shaka?
- Ripoti itaeleza ubongo na mgongo, na nitapewa picha zenyewe?
- Bima ya SHA inakubaliwa hapa, na kwa kipimo hiki?

Swali la mwisho usiliache. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, na si kila kituo wala kila kipimo kinalipiwa. Kujiandikisha mapema ni bora kuliko kuanza kutafuta namba mkiwa wodini.

Huenda pia ukakutana na mkunga mwenye kifaa kidogo cha mkononi kinachounganishwa na simu. Ni msaada mkubwa: kinaonyesha kama moyo unadunda, kama ni pacha, kondo la nyuma liko wapi, mtoto ametanguliza nini. Lakini hakikuundwa kuchukua nafasi ya uchunguzi kamili wa ubongo. Ukipimwa nacho, shukuru, kisha uende kwa picha kamili wiki yako ikifika.

4. Siku yenyewe

Kula kama kawaida. Kibofu kilichojaa huhitajika mimba ikiwa changa. Mwezi wa tano si lazima. Vaa nguo ya vipande viwili, sketi na blauzi, ili tumbo lifunuliwe bila kuvua vyote. Beba kijitabu cha kliniki, ripoti ya picha ya mwanzo, na tarehe ya hedhi. Nenda na mume, au na mama mkwe kama ndiye atakayeulizwa ushauri nyumbani. Habari nzito ikisikika na watu wawili, haipotoshwi njiani.

Kabla hujalala kitandani mwambie mtaalamu maneno haya: "Mimba ni ya wiki 20. Naomba ukague kichwa na mgongo wa mtoto, na uandike kwenye ripoti." Kama umewahi kuzaa mtoto mwenye kichwa maji au mgongo wazi, kama mimba iliharibika kwa sababu hiyo, au kama una kisukari au kifafa, mweleze papo hapo. Atatazama kwa jicho jingine.

Atakupaka jeli na kupitisha kifaa tumboni. Kinachotumika ni sauti ambayo sikio halisikii, si mionzi ya eksrei. Kwenye skrini mfupa ni mweupe, maji ni meusi, na nyama ni ya kijivu. Fuvu litatokea kama yai jeupe, na katikati yake mstari unaogawa ubongo pande mbili. Kuanzia hapo anatafuta mikato mitatu.

Mkato wa kwanza hupita kwenye vyumba vya maji. Ukikazia macho utaona ndani ya chumba kitu cheupe chenye vinundu. Hiyo ndiyo tishu inayotengeneza maji ya ubongo. Mtaalamu ataisimamisha picha, ataweka alama ndogo ya msalaba kwenye ukuta mmoja wa chumba, ataisogeza ya pili hadi ukuta unaoelekeana nao, na pembeni mashine itaandika namba kwa milimita. Chini ya 10 ni kawaida, na mpaka huo haubadiliki tangu wiki ya 14 hadi ya 40. Mbele zaidi, kwenye mstari wa kati, anatafuta kijisanduku cheusi kiitwacho kavamu. Kati ya wiki ya 18 na ya 37 kinapaswa kuonekana. Kikikosekana, huenda korpasi kalosamu haikuumbika, au pande mbili za ubongo hazikutengana.

Mkato wa pili uko chini kidogo, na hapo hupimwa upana na mzingo wa kichwa. Mkato wa tatu huinamishwa kuelekea kisogoni ili serebela ionekane. Kufikia wiki ya 24 hivi, upana wake kwa milimita hukaribiana na idadi ya wiki za mimba: wiki ya 20, milimita kama 20. Nyuma yake kuna mwanya wa maji, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 2 na 10.

Kisha atashuka kwenye mgongo, pingili kwa pingili hadi mkiani. Hapa kuna siri ambayo wataalamu wameitumia tangu mwaka 1986, pale Kypros Nicolaides na wenzake wa London walipoieleza: mgongo wazi hujitangaza kichwani. Uti ukiwa wazi, ubongo wa nyuma huvutwa chini. Mifupa ya paji hubonyea, fuvu likachukua umbo la limau, na serebela hujipinda ikawa na umbo la ndizi. Ukiona ripoti imetaja limau au ndizi, mgongo utazamwe tena siku hiyohiyo.

Mtaalamu akinyamaza muda mrefu, usianze kulia. Kupima kunataka utulivu. Akikwambia utembee kidogo, unywe kitu, kisha urudi, fuata. Mtoto akilala vibaya, maji yakiwa machache au ngozi ya tumbo ikiwa nene, picha haitoki vizuri. Kurudi baada ya wiki moja au mbili ni bora kuliko ripoti ya kubahatisha. Jinsia ya mtoto iulize mwisho.

5. Soma ripoti kabla hujatoka

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, lakini herufi zake ni chache. GA ni umri wa mimba, EDD ni tarehe ya kutarajia kujifungua. BPD ni upana wa kichwa, HC ni mzingo wake, AC ni mzingo wa tumbo, FL ni urefu wa mfupa wa paja. Ripoti yenye herufi hizo, kondo la nyuma, maji na jinsia, kisha saini, ni ripoti ya ukuaji. Haijasema lolote kuhusu namna ubongo ulivyoumbika.

Unayotaka kuona yametajwa ni haya: fuvu limekamilika, mstari wa kati upo, upana wa vyumba vya maji, kwa milimita, kavamu, serebela, mwanya wa nyuma, mgongo wote. Kama kimoja hakikuonekana, ripoti iseme hakikuonekana na itaje siku ya kurudi. Hiyo ni ripoti ya mtu mkweli. Ukiona vimerukwa, rudi dirishani uulize kwa upole, "Daktari, mgongo uliuona?" Ni haki yako, umelipia.

Ripoti bila msomaji ni karatasi tu. Ipeleke kliniki, muuguzi aisome na kuibandika kwenye kijitabu. Kasoro iliyokwisha kuandikwa kwa herufi kubwa inaweza kukaa ndani ya bahasha chini ya godoro hadi siku ya uchungu, kwa sababu mama hakuambiwa maana yake na hakuna aliyemuuliza.

6. Wakikuambia kuna kitu

Kwanza, usiamue lolote kwa picha moja. Omba ya pili, kwa mtaalamu mwingine mwenye uzoefu zaidi, ndani ya siku chache. Kutoka Bungoma au Kitale hilo mara nyingi litakupeleka Eldoret.

Pili, uliza kasoro iko peke yake au pamoja na nyingine, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linaloamua mengi. Tuchukue vyumba vya maji. Upana wa milimita 10 hadi 12 huitwa ongezeko dogo, 13 hadi 15 la kati, na zaidi ya 15 ni kubwa. Ongezeko dogo likiwa peke yake, bila kasoro nyingine wala maambukizi, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hukua kama wenzao. Hufuatiliwa kwa picha kila baada ya wiki mbili hadi nne kuona kama linapungua, linakaa au linakua. Damu ya mama hupimwa kaswende na maambukizi mengine, maana kaswende inatibika kwa penisilini mama akiwa bado mjamzito. Vifuko vidogo vya maji ndani ya tishu nyeupe tuliyoitaja juu, vikiwa peke yake, huwa si ugonjwa. Mara nyingi hutoweka kabla ya mtoto kuzaliwa.

Anensefali ni habari nyingine. Hakuna upasuaji wala dawa yake, na mzazi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, akiwa ameketi, si mlangoni. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 26(4), hairuhusu kutoa mimba isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Kasoro ya mtoto peke yake haikutajwa humo, lakini afya ya mama imetajwa, na daktari bingwa ndiye wa kuzungumza naye. Asikudanganye muuza vidonge wa mtaani. Mama wengi huendelea na mimba, wakapanga nani atakuwepo, mtoto atashikwaje, atazikwa wapi. Mpango huo nao ni matibabu.

Tatu, zungumzeni nyumbani kwa wakati. Baba wa mtoto, shemeji, mama mkwe, kila mmoja asikie kwa daktari mwenyewe, si kwa uvumi wa sokoni Chwele. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu anaweza kusaidia kuitisha mazungumzo hayo.

7. Panga pa kujifungulia mapema

Mtoto mwenye kichwa maji au mgongo wazi asizaliwe nyumbani wala zahanati. Kichwa kikiwa kikubwa mno, mama anaweza kuhitaji upasuaji, na kukwama katikati ya uchungu ni hatari kwa wote wawili. Kutoka Kanduyi hadi Eldoret ni safari ya kupitia Webuye na Turbo. Usiianze ukiwa na uchungu. Ikiwa daktari amesema ujifungulie huko, tafuta jamaa wa kukaa kwake tangu wiki ya 37.

Mtoto wa mgongo wazi akizaliwa, kidonda kifunikwe kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali, alazwe kifudifudi au ubavu, na asipakwe poda, mafuta wala mitishamba. Kidonda hufungwa kwa upasuaji, inavyofaa ndani ya siku mbili au tatu. Kila siku inayopita huongeza hatari ya maambukizi kupanda hadi kwenye ubongo.

Mahali pa upasuaji huo ni Eldoret, Hospitali ya AIC Kijabe katika kaunti ya Kiambu, na, kwa watu wa Bungoma, mahali pengine panaposahaulika: Mbale, Uganda. Hospitali ya watoto ya CURE iko huko, ng'ambo ya mpaka kwa ndugu zetu Bagisu, kupitia Malaba na Tororo au kwa njia ya Lwakhakha. Hapo ndipo daktari mpasuaji Benjamin Warf, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipobuni namna ya kutibu kichwa maji kwa watoto wachanga bila kuacha mpira wa kuondolea maji mwilini. Hutobolewa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha tishu inayotengeneza maji huunguzwa. Mpira huweza kuziba au kuingia vijidudu, na mtoto anayeishi mbali na mpasuaji anaweza kufa kabla hajafikishwa. Namna ile sasa inatumika hadi Marekani. Mtu mzima wa Kenya huvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kwa mtoto, uliza ofisi ya uhamiaji ya mpakani karatasi zinazotakiwa, na beba barua ya rufaa.

8. Picha ikiwa safi

Furahi, lakini usilale. Baadhi ya kasoro huonekana baadaye tu: kichwa kinachoacha kukua, damu iliyovujia ubongoni, mikunjo ya ubongo isiyotokea. Ndiyo maana tumbo huendelea kupimwa kila kliniki.

Tena kuna jambo ambalo Mbale ilitufundisha. Warf alipochunguza watoto waliofikishwa pale, aligundua kwamba wengi wao, kama 6 kati ya 10, kichwa maji chao kilitokana na maambukizi ya ubongo, mengi ya mwezi wa kwanza wa maisha. Watoto hao hata wangepigwa picha bora tumboni, wangeonekana wazima. Kwa hiyo kitovu kipakwe jeli ya klorheksidini inayotolewa hospitalini, wala si udongo, mate au kinyesi cha ng'ombe. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akipata homa, akikataa kunyonya au akishtukashtuka, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na kichwa kipimwe. Mwambie muuguzi apitishe utepe juu ya nyusi na nyuma ya kisogo, aandike kijitabuni. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na mzingo wa karibu sentimita 35, na kwa miezi mitatu ya kwanza huongeza kama sentimita 2 kila mwezi. Kikikimbia kuliko hapo, utosi ukifura hata mtoto akiwa ametulia, mishipa ya kichwa ikijitokeza, au macho yakielekea chini weupe ukabaki juu, usingoje chanjo ijayo.

9. Mimba ijayo huanza na foliki

Kwa kasoro za mrija, kinga ipo na ni ya bei nafuu. Mwanamke anayeweza kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Kidonge cha foliki na chuma cha kliniki kina kiasi hicho, lakini akina mama wengi hukipata siku ya 28 ikiwa imekwisha kupita. Aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi au anensefali anahitaji kiasi kikubwa mara kumi au zaidi, kwa kawaida kidonge cha miligramu 5, kwa maagizo ya daktari. Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba dozi ya miligramu 4 ilipunguza kurudi kwa kasoro hizo kwa karibu robo tatu.

Usitegemee ugali peke yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani uongezwe foliki na madini. Mahindi ya shambani tunayosaga kwenye posho mill ya jirani hayaongezwi kitu. Kula kunde, maharagwe na mboga kama saga na mitoo, lakini kidonge umeze pia. Mahindi yakauke vizuri kabla ya kuwekwa ghalani, na yaliyoota ukungu yatupwe. Sumu ya kuvu iitwayo fumonisini inatiliwa shaka kwamba huzuia mwili kuitumia foliki.

Basi siku utakayokwenda kutoa kijiti cha kupanga uzazi, au utakapoamua kutorudi kwa sindano nyingine, usitoke kliniki mikono mitupu. Mwambie muuguzi unataka mtoto, na umwombe foliki uanze jioni ile.